Gongo la kaboni na baridi ya Dodoma mwezi wa saba

Mhariri, mbukwenyi.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na nianze kwa kuwatoa watu wasiwasi, gongo ninaloliongelea hapa sio lile la kwenye chupa. Nasema hivyo mana juzijuzi nilimtuma kijana Majengo sokoni akaulizie kwa mafundi kama kuna mtu anaweza kunitengenezea gongo, karudi anacheka, ananiambia mama kule wameniangalia kama askari kanzu. Mimi naongelea gongo la softiboli, ule mchezo ndugu wa besiboli, gongo la kupigia mpira. Watoto walijaribu kuliita beti ikawa balaa zaidi, wazazi wanasikia binti anaamka alfajiri anawahi beti wakajua ni mikeka. Basi tukarudi kwenye gongo, tutavumiliana tu.

Nafundisha mabinti wa sekondari softiboli kwa kujitolea hapa Dodoma mjini, Jumamosi asubuhi na siku za likizo. Mimi mwenyewe nimetokea kwenye netiboli, softiboli nimeikuta ukubwani, na wengi wa watoto wangu wamekuja wakiwa wanajua rede tu, ambayo kwakweli ni msingi mzuri sana, mtoto aliyekulia kwenye rede mkono wake una shabaha na kukwepa anajua. Kilichonifanya niandike ni hizi picha tunazoziona magazetini, la kwako likiwemo, mtu kavaa suti anakabidhi vifaa vya michezo, tabasamu, makofi, kesho yake kila mtu kaenda zake. Hakuna anayeuliza vile vifaa vinaenda kutumika wapi, saa ngapi, kwenye hali gani ya hewa. Na sisi tunaopokea nao hatuulizi, tunaona aibu, cha kupewa hakichaguliwi. Sasa mimi kwa hili la magongo nimeamua nichague.

Mwaka jana tuliletewa magongo mawili na mgeni mmoja aliyekuwa anajitolea huku, mtu mzuri sana sina neno naye. Magongo ya bei. Sio bati bati hizi, ni yale ya kaboni, nyuzi za kaboni zimegandishwa kwa gundi ngumu, wenyewe wanaita kompoziti. Moja jipya la aina hiyo Marekani linaweza kuuzwa dola 300 na zaidi, piga hesabu kwa hela yetu hiyo ni laki saba na kuendelea, kwa kijiti kimoja. Tulipolishika tulikuwa tunaogopa hata kulilaza chini. Jepesi, zuri, ukipiga nalo mpira unasikia kama umesukumwa na mtu mwingine nyuma yako, mkono hauumi.

Moja lilikaa wiki tatu likavunjika.

Niseme lilivyovunjika. Ilikuwa mwezi wa saba, Jumamosi, saa 1 kasoro asubuhi, jua ndo linachungulia. Tunafanya mapema hivyo kwa sababu saa 3 wenye mpira wa miguu wanachukua uwanja wao, halafu ikianza kuingia mchana upepo wa Dodoma wa miezi hiyo unajulikana, unainua vumbi mpaka anayerusha na anayepiga hawaonani. Mwenye zamu ya kupiga alikuwa binti mmoja mwembamba tu wala hana nguvu za kutisha. Mpira wa kwanza kaupiga vizuri, ting. Wa pili ting. Wa tatu ikatoka sauti kama mtu kapiga ndoo ya plastiki iliyopasuka, pwata, mpira ukaanguka hapo hapo mbele. Tukacheka tukajua kaukosea. Nikamwambia ngoja mama nione hilo gongo, nikapitisha kidole kwenye ule unene wake, kuna ufa mwembamba kama unywele unaanzia karibu na nembo unazunguka nusu ya gongo. Nikalibana kidogo likalia krr. Yule mtoto alilia siku hiyo, anajua kavunja kitu cha laki saba, na kwao hiyo hela hawajawahi kuiona pamoja.

Nikamuandikia aliyetuletea, naye akawaandikia waliomuuzia, mana lilikuwa bado lina waranti. Jibu lililorudi lilikuwa la heshima lakini fupi, wanauliza mlikuwa mnacheza kwenye nyuzijoto ngapi. Tukasema ukweli, simu ilikuwa inaonyesha 14. Wakasema pole, gongo la kompoziti halitakiwi kutumika chini ya nyuzi kama 16 hivi, imeandikwa kwenye karatasi, likipasuka kwa baridi waranti haihusiki. Kumbe ile karatasi ilikuwepo, tuliitumia kufungia visheti!

Hapa najua kuna watu watabisha. Dodoma na baridi wapi na wapi. Hawa ni wale wa Dar waliozoea kusikia Dodoma ni jua, vumbi na zabibu basi. Waulizeni wenzao waliohamia na wizara zao, wamefika mwezi wa sita na mashati ya mikono mifupi, wiki ya pili wako mitumba Sabasaba wanatafuta makoti. Huku tuko juu zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, kiangazi hakuna mawingu ya kufunika joto usiku, linapaa lote. Kuanzia Juni mpaka Nanenane imeisha, alfajiri kukuta 13 au 14 ni kawaida kabisa, halafu saa 8 mchana uwanja huo huo unakuta 26 au 27. Sijasema ni Makete au Njombe wanakoamka wakakuta barafu kwenye majani, ila gongo la kaboni halijui kama hii ni Dodoma au ni Njombe, lenyewe linajua namba tu. Na hii ndo shida yetu hasa, kwamba tuna baridi ya saa chache tu ambayo mtu mwingine haiiti hata baridi, na saa hizo hizo ndo za mazoezi.

Kwanini linapasuka? Wasichana wangu nimewaeleza kwa ugali. Ugali wa moto ukiubonyeza na kidole unabonyea, unarudi kidogo. Ugali wa jana uliolala kwenye sufuria ukiubonyeza haubonyei, unakatika. Ile gundi iliyoshika nyuzi za kaboni inafanana na hiyo, kwenye joto ina kaulaini fulani inakubali kubonyea na kurudi, na hicho kubonyea na kurudi ndo kinachorusha mpira mbali, ndo unacholipia laki saba. Kwenye baridi inakakamaa. Hapo ni nusu ya habari, nusu nyingine ni mpira wenyewe na watu wengi hawaufikirii. Mpira wa softiboli jina lake tu ndo softi, ndani una kiini cha plastiki ngumu, uzito wake unakaribia gramu 200, mzingo inchi 12. Ukipoa unakuwa mgumu kama jiwe la kusagia. Siku ya joto mpira na gongo wanagawana ule mshtuko, siku ya baridi mpira unakataa kubonyea, mzigo wote unarudi kwa gongo, na gongo lenyewe siku hiyo limekakamaa. Utamlaumu nani sasa, mtoto mwembamba?

Kwahiyo kwa anayetaka kununua au kutupa msaada, kwa mazoezi ya asubuhi za kipupwe naomba alumini. Alumini ya kawaida. Haipasuki kirahisi kwa baridi, ikizidiwa inabonyea, na iliyobonyea kidogo unaiona kwa macho na mazoezi bado inasukuma. Haihitaji kuzoezwa kwanza kwa mipigo ya polepole, unaitoa kwenye nailoni unapiga. Na bei yake unaweza kupata matatu manne kwa hela ya lile moja la kaboni, yaani kwa timu ya watoto 20 hiyo hesabu wala haihitaji mhasibu. Ubaya wake upo, sitaki kudanganya. Alumini ya kipande kimoja asubuhi ya nyuzi 14, ukiupiga mpira kwenye shingo ya gongo badala ya kwenye unene wake, ni sawa na kupiga jembe kwenye jiwe, ganzi inapanda mpaka kwenye kiwiko. Nina mtoto mmoja alikuwa anafumba macho kabla mpira haujafika, nikadhani anaogopa mpira, kumbe anaogopa gongo.

Kwa hilo kuna aina ya katikati, vipande viwili, pa kupigia ni alumini ila mpini ni kompoziti, mpini unameza ile ganzi na pale panapokutana na mpira ni chuma kisichojali baridi. Mtu akiniuliza mimi, mwenye uwezo kidogo, anunue hilo. Mwenye uwezo mdogo, alumini ya kipande kimoja na kitambaa cha kushikia kiwe kinene, ule mpira wa kuzungushia mpini unaweza kuongeza tabaka la pili. Glavu za kupigia sisi hatuna, tunatumia glavu za bodaboda za mtumba zilizokatwa vidole, zinatosha kabisa na watoto wanaringa nazo.

Kuhusu ukubwa nisiwachoshe. Mwisho unaoruhusiwa ni urefu wa inchi 34 na unene wa inchi 2 na robo. Mabinti wangu wa kidato cha kwanza na cha pili wanashika inchi 30 mpaka 32. Uzito kwenye gongo huwa kuna namba yenye alama ya kutoa, mfano kutoa 10, maana yake kwenye inchi za urefu unatoa 10 unapata aunsi za uzito, gongo la inchi 32 lina aunsi 22, kama gramu 620 hivi. Wakati wa baridi msichukue zito kwa kujionyesha, mikono imekufa ganzi, misuli haijachangamka, mtoto anachelewa kulizungusha, akichelewa anaupiga na shingo, akiupiga na shingo turudi kwenye jembe na jiwe.

Na la mbao je? Nimeulizwa sana. Fundi wetu mmoja alinichongea la mninga, kapiga randa vizuri, limenyooka, tunalitumia kwa mazoezi mepesi tu ya mpira wa kurushiwa karibu. Ni zito kuliko nilivyotaka na unatakiwa uangalie nyuzi za mbao ziende sawa na urefu wa gongo, zikikata kwa ubavu siku litakapokatika litaruka kipande kama mkuki. Sioni aibu nalo. Huu mchezo wenyewe tukumbuke ulizaliwa kwa kukimbia baridi, mwezi wa 11 mwaka 1887 huko Chicago, vijana wamejifungia ndani ya klabu ya boti ya Farragut wanasubiri matokeo ya mechi ya vyuo vikuu vya Yale na Harvard, mmoja kamrushia mwenzake glavu ya ndondi na mwenzake kaipiga na kijiti, mmoja wao, George Hancock, akaona hapa kuna kitu, akaifunga ile glavu kamba iwe mpira, akachora uwanja na chaki sakafuni. Waliuanza na fimbo na glavu, leo umefika Olimpiki, Atlanta 1996, na 2028 Los Angeles unarudi tena. Sasa sisi tunaambiwa bila kaboni huwezi kuendelea. Ala.

Msinielewe vibaya, kaboni sio takataka. Lile la pili bado tunalo na ni mali. Ila nimeliwekea masharti kama mgonjwa wa presha. Halitoki nje kabla ya saa 5 asubuhi mwezi wa sita mpaka wa nane, na simu lazima ionyeshe zaidi ya 18, najiwekea nafasi juu ya ile 16 yao. Halichezi na mipira iliyolala nje, mipira tunaileta imelala ndani ya mfuko wa nguo. Halishikwi na kila mtu kwa zamu ya kufurahia tu. Na kabla halijaanza mechi tulilizoeza kwanza siku za joto, mwezi wa kumi ule jua linapiga mpaka kichwa kinawaka, mipigo 150 mpaka 200 mtu anakurushia polepole, kila baada ya mipigo kadhaa unalizungusha robo ili lizoee pande zote. Lile la kwanza hatukulizoeza, tulilitoa kwenye boksi tukaliingiza kwenye baridi moja kwa moja, masikini, ni kama kumtoa mtoto kwenye maji ya moto ukamsimamisha kwenye upepo wa Singida.

Kuna kitu kingine kilitokea ambacho nakieleza kwa aibu. Baada ya kusikia habari za baridi mmoja wa wasaidizi wangu akaona dawa ni kulipasha gongo moto. Nimefika uwanjani nakuta jiko la mkaa, la yule mama wa chai na vitumbua, na gongo la pili, hili hili lililobaki, limeegeshwa pembeni ya moto kama mshikaki. Nilipiga kelele mpaka mama wa chai akadhani nimeungua. Gundi ile ile inayokakamaa kwa baridi, moto nao unaiharibu, inalegea mahali pamoja na huwezi kuona kwa nje. Usilipashe kwa jiko, wala usiliache kwenye buti ya gari, mana buti usiku inapoa kama nje na mchana inageuka oveni. Liweke ndani ya nyumba mnapolala watu. Ukifika uwanjani asubuhi lifunge kwenye kitenge au shuka, litoke likiwa na zamu.

Namna ya kukagua. Chukua soksi ndefu ya kina mama, ile nyembamba ya nailoni, iliyochanika hata haina kazi, ivute taratibu kuzunguka gongo. Penye ufa inanasa hata kama jicho halioni. Sauti pia sikiliza, ting ikigeuka pwata hilo limekwenda. Nyufa ndogondogo za rangi tu kama utando wa buibui zisikutie presha, ila zikinasa soksi au ukisikia kitu kinacheza ndani ukilitikisa, liondoe. Usiseme ngoja tumalizie mechi. Mwamuzi anayejua kazi yake atalitoa, na asipolitoa yeye kuna siku kipande kitaruka kikampate anayerusha, ambaye anakuwa amesimama hatua chache tu mbele yako na hana hata kofia.

Sasa Mhariri, ombi langu kwa wanaotaka kusaidia, na najua wapo, wanasoma gazeti lako asubuhi wakinywa chai maofisini huko Mtumba kwenye mji wa serikali. Kabla hujalipia vifaa pigia simu mwalimu wa michezo wa shule husika, muulize vitu vitatu tu, watoto wana umri gani, wanacheza saa ngapi, na vifaa vinalala wapi. Ukiambiwa wanacheza alfajiri na vifaa vinalala kwenye stoo ya mabati, usinunue kaboni hata kama muuzaji anakuambia ndo ya kisasa. Hela hiyo hiyo nunua alumini matatu, mipira dazeni moja, na kofia ngumu mbili za kupigia, mana kofia ndo hatuna kabisa na hakuna anayezipiga picha. Na maafisa michezo wanaoandika yale maombi ya vifaa, msiandike tu "magongo 4", andikeni ya nini, urefu gani, uzito gani. Muuzaji akiona magongo 4 anakupa yaliyomdodea.

Yule binti aliyelia nimemrudisha, ilichukua wiki mbili, mama yake alikuwa anajua tutamdai. Hatumdai mtu. Jumamosi hii saa 1 kasoro yupo wa kwanza kupiga, na alumini yenye sehemu tatu zilizobonyea, moja kaibonyeza yeye mwenyewe na kaizungushia duara na maka peni. La kaboni litabaki nyumbani, linalala chumbani kwetu chini ya blanketi, na mume wangu ameshaanza kuuliza kama mwezi wa tisa uko mbali.

Kocha wa kujitolea,
Kizota, Dodoma